Ruger 10/22 au Marlin 60: ipi ya kulengea shabaha?

Anayetafuta bunduki ya nusu-otomatiki ya .22 LR (risasi ndogo yenye kipenyo cha karibu inchi 0.22) kwa ajili ya kulenga shabaha na kuburudika hakawii kukutana na majina mawili: Ruger 10/22 na Marlin 60. Ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1964 na bado inatoka kiwandani. Ya pili ni ya mwaka 1960, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 11, lakini kampuni yenyewe imepita mikono kadhaa: Remington iliinunua Marlin mwaka 2007, Remington ikafilisika, na mwaka 2020 Ruger ikalinunua jina la Marlin. Kwa hiyo Marlin 60 utakayoikuta leo karibu kila mara ni iliyokwisha kutumika, na unailinganisha na Ruger mpya yenye dhamana. Hilo lina uzito kuliko hesabu yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Niseme mapema ninaposimama. Ubishi mkubwa huwa ni ipi inapiga sawasawa zaidi, na huo ndio ubishi wenye faida ndogo kuliko yote. Zikiwa safi na zikipewa risasi zinazozipenda, bunduki hizi zinakaribiana sana. Boksi moja la risasi na jingine linaweza kuleta tofauti kubwa kuliko iliyopo kati ya bunduki na bunduki. Zinaachana kwenye mambo mawili: jinsi risasi zinavyoingia na kutoka, na nini kinafuata siku kipuri kikichoka. Kwa yote mawili Ruger iko mbele, na kwa anayeanza ndiyo ningemshauri aichukue. Lakini Marlin iliyotunzwa ni bunduki tamu, na kuna mtu inayemfaa zaidi ya Ruger.

Risasi zinavyoingia

Magazini ya Ruger, yenye jina la BX-1, inabeba risasi 10 na haichomozi hata kidogo chini ya bunduki. Ndani yake kuna kigurudumu chenye mabonde kinachozungushwa na springi, na kila risasi inalala kwenye bonde lake. Faida yake inatokana na umbo la risasi yenyewe. Ganda la .22 lina ukingo unaotokeza kwenye kitako, na baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo huo; ndiyo maana pini ya kufyatulia hugonga pembeni, si katikati. Kwenye magazini ya kupanga risasi moja juu ya nyingine, ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana na bunduki inakwama. Kwenye kigurudumu hazipati nafasi ya kushikana. Tena midomo inayoishika risasi inayofuata ni ya chuma, kwa hiyo haitanuki upesi kama ya plastiki.

Kuijaza ni kazi ya kidole gumba. Unailaza risasi kwenye mdomo, unaibonyeza chini huku unaisukuma nyuma mpaka kitako cha ganda kiguse ukuta. Za mwanzo zinaingia kama mchezo. Za mwisho springi inakuwa imekaza, na hapo ndipo watu hulazimisha, risasi ikaingia mshazari na ncha yake laini ya madini ya risasi ikachubuka. Risasi iliyochubuka ncha iweke kando, maana haitaenda pamoja na wenzake kwenye karatasi. Iko pia BX-25 ya risasi 25, iliyotoka mwaka 2011. Kwa shabaha siipendekezi: inatokeza chini sana, na ukilala kifudifudi au ukiweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga inagusa ardhi na kuisukuma bunduki juu. Nunua BX-1 tatu au nne badala yake, uzipe namba kwa rangi, ili ikianza moja kusumbua ujue ni ipi.

Marlin haina magazini ya kuchomoa. Chini ya mtutu kuna neli mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ni ya shaba, na ina springi na kisukumio. Unazungusha kichwa chake kilicho karibu na mdomo wa mtutu, unaivuta mpaka tundu la neli ya nje liwe wazi. Tundu hilo limekatwa kwa umbo la risasi, kwa hiyo linakuonyesha lenyewe: kitako cha ganda kinatangulia, ncha inaelekea mbele. Unadondosha risasi moja moja, kisha unairudisha neli ya ndani taratibu na kuifunga. Matoleo ya baadaye yanachukua 14. Ya zamani, yenye neli ndefu, 17 au 18.

Muda unaotumika si mwingi. Kinachonitia wasiwasi ni mkono, kwa sababu kila unapojaza, mkono unafanya kazi sentimita chache kutoka mdomo wa mtutu, na mtu aliyechoka huinua bunduki wima na kuuinamia. Kwenye uwanja wenye watu wengi, hiyo ndiyo kasoro kubwa ya Marlin. Jaza ukiwa umeilaza bunduki mezani, mtutu ukielekea shabaha, bolti (chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma) ikiwa imefungwa nyuma na chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ikiwa tupu, na mkono ufike kwenye neli kwa kupita ubavuni, usipite mbele ya mdomo.

Kuondoa risasi nako kuna mtego. Ukichomoa neli ya ndani na kuinamisha bunduki, risasi zinateleza nje na unaona kama kazi imekwisha. Haijaisha. Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye kilifti kinachoipandisha, na nyingine chemba. Baada ya neli kuwa tupu, vuta mkono wa kukokia mara nne au tano huku mtutu ukielekea salama, kisha ifunge bolti nyuma, utazame, na uingize kidole cha mwisho kupapasa chemba. Kwa Ruger, unachomoa magazini, unakoki mara mbili tatu, unatazama chemba, basi. Anayesimamia uwanja naye akipita anaona tundu la magazini likiwa wazi. Kwa Marlin hana cha kuona.

Kuna jambo la sheria ambalo wanunuzi wengi hulisahau mpaka wafike kwenye kibali. Nchi nyingi huziweka bunduki za nusu-otomatiki kwenye daraja lake, hata hizi ndogo. Uingereza ilipopiga marufuku bunduki ndefu za nusu-otomatiki mwaka 1988 iliziacha za .22 za aina hii. New Zealand ilipofanya hivyo mwaka 2019 iliziacha pia, lakini kwa sharti kwamba zisichukue zaidi ya risasi 10. Magazini ya Ruger imekaa ndani ya kipimo hicho toka siku ya kwanza. Neli ya risasi 14 haibadilishwi kwa kuchomeka nyingine. Soma sheria ya unapoishi kabla hujalipa, siyo baada.

Mahali pamoja Marlin inaishinda Ruger waziwazi: risasi ya mwisho ikitoka, bolti inabaki nyuma. Hicho kipo kwenye Marlin 60 za kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na ni kitu chema sana kwa anayejifunza, kwa sababu bunduki tupu inajionyesha. Ruger ya kawaida inafunga bolti juu ya chemba tupu, unavuta triga na kusikia "tak". Kuifungua na kuibakiza nyuma unatakiwa uvute mkono wa kukokia kwa mkono mmoja huku mwingine unabonyeza kiwiko kidogo mbele ya kinga ya triga, na kwenye 10/22 nyingi kukirudisha kunahitaji mazoezi ya siku mbili tatu. Kuna vipuri vya bei ndogo vya kurekebisha hilo, lakini ilipaswa kiwanda kilishughulikie zamani.

Shabaha na risasi

Ruger ya kawaida ina mtutu wa inchi 18.5, karibu sentimita 47, na uzito wa kama kilo 2.3. Marlin za mwisho zina mtutu wa inchi 19. Za zamani ni ndefu zaidi, na kwa anayetumia vituo vya chuma (vilengeo vya juu ya mtutu) badala ya darubini urefu huo unasaidia, maana kituo cha mbele na cha nyuma vinaachana zaidi. Mistari ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kwa kila inchi 16 kwa zote mbili. Tofauti ni idadi: Ruger ina mistari sita, Marlin ina 16 isiyo na kina, mtindo inaouita Micro-Groove. Wapenzi wa Marlin wanaamini mistari hiyo inaishika risasi laini bila kuiharibu. Ninachoweza kusema ni kwamba Marlin isiyochezewa, iliyotoka boksi, mara nyingi inafunga kundi dogo kidogo (matundu yaliyokaribiana zaidi kwenye karatasi) kuliko Ruger isiyochezewa. Kwa mita 50, ukiwa umeiegemeza juu ya mfuko na una darubini, kundi la risasi tano lenye upana wa milimita 25 hadi 40 ni matokeo mazuri kwa yeyote kati ya hizi. Ukipata milimita 60, usilaumu mtutu kwanza. Angalia skrubu, kisha risasi.

Risasi ndipo penye siri. Bunduki hizi zote mbili hazina kufuli nyuma ya bolti. Uzito wa bolti na springi yake ndivyo vinavyoizuia mpaka kichwa cha risasi kitoke. Kisha ganda linaisukuma bolti nyuma, linatupwa nje, nyundo inakokiwa, na bolti inaporudi mbele inabeba risasi nyingine. Kwa hiyo risasi dhaifu haina nguvu ya kukamilisha safari hiyo. Risasi za kimya kabisa, zile za mwendo wa chini mno, zitakulazimisha ukoki kwa mkono kila mara.

Zinazofaa ziko makundi mawili. Za mwendo wa kawaida, kama CCI Standard Velocity yenye kichwa cha greni 40 (karibu gramu 2.6), zinatoka kwa kama mita 326 kwa sekunde. Za mwendo mkali, kama CCI Mini-Mag ya greni 40, zinafika mita 376. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi kali inaanza juu ya mwendo wa sauti, na kabla haijafika mita 100 inakuwa imeshuka chini yake. Hapo katikati inatikiswa. Ile ya kawaida iko chini ya sauti toka mwanzo na inasafiri kwa utulivu. Jambo linalowashangaza wengi ni upepo: risasi kali ya .22 husogezwa na upepo zaidi kuliko ya kawaida, kwa sababu inapoteza mwendo kwa kasi zaidi njiani. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi ya mwendo wa kawaida karibu sentimita 3 kwa mita 50. Kwa karatasi, basi, chagua ya kawaida. Tumia ile kali pale bunduki mpya inapokataa kukoki sawasawa, kama risasi 200 au 300 za kwanza, springi na vyuma vizoeane, kisha ujaribu tena ya kawaida.

Ruger inakula risasi za kawaida vizuri mradi chemba ni safi. Marlin nayo inazikubali, lakini kilifti chake hakipendi risasi zenye ncha bapa au shimo kubwa la mbele. Zinagonga ukingo wa chemba. Ipe zenye ncha ya mviringo. Usitumie CCI Stinger kwenye Ruger iliyobadilishwa mtutu na kuwekwa wa mashindano: ganda lake ni refu kidogo kuliko la kawaida, na chemba finyu haina nafasi yake.

Jaribu aina nne au tano, makundi matano ya risasi tano kwa kila aina, siku isiyo na upepo. Ukibadili aina usihesabu risasi 10 hadi 30 za kwanza. Kila kiwanda kina nta au mafuta yake juu ya kichwa cha risasi, na mtutu unahitaji kupakwa upya kabla haujatulia. Wengi huikataa risasi nzuri kwa sababu waliipima juu ya nta ya nyingine. Ukishapata inayopendwa na bunduki yako, tazama namba ya toleo kwenye boksi na ununue za kutosha za namba hiyohiyo.

Triga

Triga za kiwanda za zote mbili ni nzito, kama kilo 2.3 hadi 2.7, na ile ya Ruger ina mkwaruzo kidogo kabla ya kukatika. Kwa bunduki yenye uzito wa kilo mbili na kitu, kuvuta triga nzito kuliko bunduki yenyewe kunatosha kuupeleka mtutu pembeni. Kwa Ruger dawa ni rahisi. Kampuni yenyewe inauza BX-Trigger, kasha zima lililokamilika, la kilo 1.1 hadi 1.4, unatoa skrubu moja ya kitako cha bunduki, unasukuma pini mbili, unaweka jipya. Dakika kumi. Kampuni nyingine, Timney, Volquartsen na Kidd, nazo zina za kwao, za bei ya juu zaidi. Hiyo ndiyo fedha ya kwanza ningeitumia kwenye 10/22, kabla ya mtutu, kabla ya kitako cha kupendeza. Kwa Marlin uchaguzi ni mdogo sana. Kuna springi nyepesi za kubadilisha, na kazi inabaki ya fundi anayejua. Asiyejua akisugua vyuma vya triga ovyo, ataishia na bunduki inayofyatuka ikigongwa.

Mtutu nao ni hivyohivyo. Wa Ruger umeshikwa na kipande chenye umbo la V na skrubu mbili. Unabadilishwa mezani nyumbani, na kiwanda kinauza pia toleo la Target lenye mtutu mnene. Mtutu wa Marlin umeingizwa kwa nguvu na kupigwa pini. Ukichakaa, bunduki imekwisha. Ila niongeze kwamba mtutu wa .22 unaosafishwa kwa upole hupiga makumi ya maelfu ya risasi, na wachache sana wanaoumaliza kwa kuufyatulia. Wengi huumaliza kwa fimbo ya kusafishia.

Kufungua na kusafisha

Hapa ndipo utakapoishi na bunduki yako, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ruger: chomoa magazini, hakikisha chemba ni tupu. Weka kitufe cha usalama katikati, si kulia si kushoto, la sivyo kitashika mbao. Legeza skrubu ya pete ya mbele, ondoa skrubu iliyo mbele ya magazini, inua mtutu na mtambo vinatoka kwenye kitako. Hapo ujue pini tatu zinaweza kudondoka zenyewe: mbili za kasha la triga na moja nene ya nyuma inayoizuia bolti. Fanya kazi juu ya kitambaa cheupe. Kasha la triga likitoka, geuza mtambo juu chini, vuta bolti nyuma, inua upande wake wa mbele, inatoka. Kurudisha, nyundo lazima iwe imekokiwa, vinginevyo kasha halitaingia. Ukiona linagoma usiligonge, angalia nyundo. Ile pini nene ya chuma ndiyo inayotoa mlio wa chuma kwa chuma kila risasi. Watu huibadilisha na ya plastiki ngumu, mlio unapungua na mwili wa aluminiamu unapumzika.

Marlin: chomoa neli ya ndani kabisa na uiweke mbali ambapo haitakanyagwa. Neli ya shaba iliyobonyea hata kidogo inakwamisha risasi, na ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote kwenye bunduki hii. Toa skrubu mbili za kitako, kisha pini, mtambo wa ndani unatoka. Vuta bolti nyuma kidogo, chomoa mkono wa kukokia ubavuni, inua bolti. Sasa shika springi. Ni ndefu, nyembamba, ina waya wa kuiongoza ndani yake, na ikiponyoka inaruka hadi upande wa pili wa chumba. Ikipinda, haifai kunyooshwa, inabadilishwa. Kwenye mtambo wa ndani kuna vikamatio vidogo vya umbo la E pembeni mwa pini. Usivitoe kama huna sababu: nyunyiza dawa ya kusafishia, piga mswaki wa nailoni, kausha kwa hewa, tone moja la mafuta mepesi, acha.

Zote mbili zimezibwa nyuma, kwa hiyo fimbo ya kawaida inaingilia mdomoni, na mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Fimbo ikiukwaruza upande mmoja, makundi yanafunguka na hakuna risasi itakayoyafunga. Njia salama ni uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi: kata mita moja, yeyusha ncha moja kwa kiberiti iwe kifundo, pitisha ncha nyingine chemba itokee mdomoni, toboa kitambaa kidogo chenye dawa kishikwe na kifundo, vuta. Vitambaa vitatu vyenye dawa, viwili vikavu. Inatosha. Mtutu wenyewe hauhitaji kusafishwa kila siku, hasa ukitumia risasi zisizofunikwa shaba. Chemba ndiyo ya kuangaliwa, kila risasi 200 hadi 300. Nta na masizi hujenga pete ngumu ndani yake, risasi mpya haikai hadi mwisho, na ganda lililopigwa linang'ang'ania.

Bunduki ikikwama, lisome ganda kabla hujailaumu. Ganda lililosimama wima katika mlango wa kutokea maana yake bolti haikurudi nyuma vya kutosha: risasi dhaifu, mafuta yaliyoganda, au ndoano ya kuvutia ganda imejaa uchafu. Ganda lililobaki chemba: chemba chafu au ndoano imechakaa. Risasi isiyolipuka yenye alama hafifu ukingoni: bolti haikufunga kabisa, au pini imezungukwa na uchafu. Yenye alama nzito na bado haikulipuka ni kosa la risasi. Baruti ya kuwashia haikufika sehemu ile ya ukingo. Ngoja sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea shabaha, ndipo uitoe. Na mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, simama hapohapo. Huenda kichwa kimekwama mtutuni. Ondoa risasi zote, fungua, tazama mwanga kupitia mtutu kabla ya kuendelea.

Ukiikuta Marlin ya mtumba

Tazama kwanza namba yake. Kwa zilizotengenezwa kuanzia 1973 hadi karibu 2010, toa tarakimu mbili za mwanzo kutoka 100, unapata mwaka. Namba inayoanza na 14 ni ya 1986. Kisha omba ruhusa ufungue kitako. Nyuma ya mtambo kuna kipande cha plastiki kinachopokea pigo la bolti. Plastiki hiyo huzeeka, hubadilika rangi, hupasuka, na vipande vyake huangukia ndani ya mtambo wakati bolti inaanza kupiga mwili wa aluminiamu. Kupasuka kwake si sababu ya kuiacha bunduki, kwani kipuri chake kinapatikana na ni rahisi, lakini chungulia nyuma yake kama aluminiamu imebonyea. Telezesha neli ya ndani ndani na nje: iende bila kukwaruza. Tazama mdomo wa mtutu kwa lenzi, tafuta mkwaruzo upande mmoja. Usiifyatue ikiwa tupu. Pini inagonga ukingo wa chemba na kuacha kovu, na risasi zitaanza kukataa kutoka. Ruger inaruhusu kufyatua tupu mradi pini ndogo inayoizuia pini ya kugonga ipo mahali pake.

Kwa upande wa darubini hakuna mengi. Mwili wa Marlin una mifereji ya kushikia pete ndogo, Ruger inakuja na reli ya kufungwa kwa skrubu. Chagua darubini ya .22, iliyopangwa kwa yadi 50, karibu mita 46. Za bunduki kubwa hupangwa kwa yadi 100, na kwa umbali mfupi ukisogeza jicho kidogo alama inahama juu ya shabaha. Ukiiweka sawa kwa mita 50, kumbuka kwamba kwa mita 100 risasi ya mwendo wa kawaida inashuka kwa sentimita 20 na zaidi. Skrubu ya kitako cha Ruger ikaze kwa nguvu ileile kila unapofunga, maana ukiikaza zaidi kundi linahama.

Anayefundisha watoto wake, anayekwenda uwanja wenye watu, au anayependa kubadili na kuboresha, achukue Ruger yenye BX-Trigger na magazini nne. Anayepiga peke yake, polepole, bila hamu ya kubadili chochote, na amepata Marlin ambayo neli yake ni nyoofu na mdomo wake ni mzima, aichukue, anunue kipande kile cha plastiki cha akiba na springi moja ya bolti siku hiyohiyo, avifungie pamoja na bunduki. Zote mbili zinahitaji miwani na vizuia-sauti masikioni hata kama mlio unaonekana mdogo, ukuta wa udongo nyuma ya shabaha kwa sababu risasi hii inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na mikono kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana madini ya risasi yanabaki kwenye vidole.